Injini Mpya, Difu ya Zamani: Kiswahili cha Mafundi wa Turkana Kiandikiwe Kitabu

Kila mara hoja ya kufundisha sayansi na ufundi kwa Kiswahili inapozushwa katika nchi hii, wapinzani wake huchomoa silaha ile ile moja: kwamba lugha yenyewe haina maneno. Watetezi nao, badala ya kuuliza kama shtaka hilo ni la kweli, hukimbilia mezani kubuni maneno. Ndivyo tulivyopata "tarakilishi" na "ngamizi" kwa chombo ambacho umma ulikuwa umekwisha kukiita kompyuta, na walimu wakatumia miaka mingi kuwasahihisha wanafunzi katika neno ambalo halikuwa na kosa. Naomba leo, ndugu msomaji, tuyaache makongamano na tuelekee kaskazini, hadi Lodwar na Kakuma katika Kaunti ya Turkana, tukamsikilize fundi wa magari akieleza jinsi ya kulitoa gari injini yake ya zamani na kulitia nyingine yenye nguvu zaidi. Naamini fundi huyo anayajua mambo kuhusu lugha yetu ambayo sisi wenye shahada hatujayaandika bado.

Kwa nini Turkana? Kwa sababu huko kubadilisha injini si anasa ya vijana wenye fedha. Barabara kuu kutoka Kitale hadi Lodwar ilitiwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway, kisha ikachakaa hadi madereva wakaona heri wapite kando yake, mchangani. Miaka ya karibuni sehemu yake imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nayo njia ya kuelekea Kakuma na mpaka wa Sudan Kusini ikatengenezwa. Lakini lami ni uzi mwembamba katika shuka pana. Mtu anayepeleka unga Lokitaung au Kibish huiacha mapema, na mbele yake kuna laga: mito ya mchanga ambayo kwa miezi mingi haina tone la maji, na siku mvua inaponyesha milimani hufurika kwa muda usiotosha kunywa chai. Gari lililoundwa kwa ajili ya mji halifiki. Kwa hiyo watu huchukua magari ya zamani yenye chasisi ngumu na kuyaunda upya.

Gari nililolikuta katika karakana moja mjini Lodwar, nilipokwenda kuwakagua wanafunzi wangu waliokuwa mazoezini katika shule za huko, lilikuwa Land Rover Series III, jamii ya magari ambayo kiwanda kiliacha kuyaunda mwaka 1985. Injini yake ya asili ya petroli, ya lita 2.25, ilikuwa imekufa zamani. Mwenye gari, mfanyabiashara wa mbuzi, alitaka litiwe injini ya dizeli ya Toyota aina ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, aliyoinunua ikiwa mtumba.

Asiyejua magari hudhani kazi hiyo ni kutoa kimoja na kutia kingine, kama mtu abadilishavyo betri za tochi. La hasha! Injini ya silinda sita ni ndefu, hivyo rediata lazima isogezwe mbele. Vishikizo vya injini ya zamani hukatwa, na vipya huchomelewa kwenye chasisi. Matundu ya bolti nyuma ya injini ya Toyota hayalingani na yale ya giaboksi ya Land Rover, kwa hiyo kati ya viwili hivyo hutengenezwa bamba nene la chuma la kuviunganisha, na bamba hilo lazima liikutanishe mihimili ya pande zote mbili katika mstari mmoja. Likipotoka kwa unene wa unywele, klachi itasumbua na bering ya giaboksi haitamaliza mwaka. Fundi wa Lodwar hana mashine ya kazi hiyo. Huchora kipimo kwenye katoni na kukituma Kitale, kilomita zipatazo 300, bamba likakerezwe huko. Njia nyingine ni kuileta injini pamoja na giaboksi na transfa yake, kisha propela zote mbili zikatwe na kuungwa upya kwa urefu mpya. Mwenye gari aliichagua ile ya kwanza, kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Nimelitumia neno "kukereza" kwa makusudi. Ni neno la kale la maseremala wa pwani, waliokereza miguu ya vitanda, na leo linafanya kazi ya chuma bila kulalamika. Ndivyo "usukani" ulivyotoka kwenye chombo cha baharini ukaingia kwenye gari, na "rubani" akatoka majini akapaa angani. Hakuna kamati iliyoketi kuyaamua hayo.

Sasa tusikilize jinsi fundi anavyozungumza. Majina ya vyombo vyake, ni kweli, mengi ni ya Kiingereza yaliyovishwa kanzu: injini, klachi, giaboksi, propela, difu, hafushafti, pistoni, gasketi. Mpinzani wa Kiswahili akiyasikia hayo hucheka, akidhani amekwisha kushinda. Lakini amesikiliza nomino tu. Asikilize vitenzi! Klachi "inateleza". Gia "inaruka". Difu "inalia". Injini "inakula oili", "inakohoa", "inachemsha", na siku mbaya kabisa "inashika". Gari lenye afya "linavuta". Hakuna hata kimoja hapo kilichokopwa, na kila kimoja kina maana maalumu ambayo fundi hawezi kuichanganya na nyingine. Klachi ikiteleza, injini huongeza mizunguko na gari lisiongeze mwendo. Gia ikiruka, mkono wa gia hujirudisha wenyewe mahali pasipo gia. Anayeyachanganya mawili hayo atafungua giaboksi nzima kutafuta ugonjwa ulioko kwenye klachi, na mteja atalipa.

Tazama pia viambishi vya unyambuaji, somo ambalo wanafunzi wa kidato cha tatu hulichukia kuliko yote. Hafushafti iliyovunjika hutolewa, fundi huinua kipande juani na kukitazama. Je, "imelika", yaani imekwisha polepole kwa msuguano? Je, "imekatika" ghafla? Au "imesokoteka" kama kamba kabla ya kukatika? Ikiwa imesokoteka, mkosaji ni nguvu iliyozidi kipimo cha chuma, na kuweka nyingine ya aina ile ile ni kutupa fedha. Hapo kauli ya kutendeka ni chombo cha uchunguzi, sawasawa na darubini ya daktari. Nimefundisha kauli hiyo kwa miaka mingi kwa mifano ya mlango uliofungika na chakula kilicholika; sijaona mfano ulio bora kuliko ule wa hafushafti.

Hata nomino zenyewe hazikai kama wageni. Walimu wote wanaujua mfano wa "madigadi". Neno hilo lilitokana na Kiingereza, wasemaji wakalisikia kuwa lina kiambishi cha wingi, wakakitoa, wakapata "digadi" moja. Tanzania wakafanya vivyo hivyo na "kipilefti", ambayo wingi wake ni "vipilefti". Sarufi iliyomeza maneno hayo ndiyo iliyomeza "kitabu" kutoka Kiarabu karne nyingi zilizopita na kukipa wingi wa "vitabu". Lugha inayofanya hivyo haiombi msaada, iko kazini.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita kama 120. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi, wengi wao vijana waliotembea kutoka kusini mwa Sudan, na baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Kwa mwanaisimu, karakana ya Kakuma ni maabara isiyolipiwa ada. Mkongo huiita injini "motere" na dereva "shofere", kwa kuwa magari yalimfikia kwa Kifaransa. Kwa Mwethiopia gia ni "marsh" na tairi ni "goma", maneno ambayo Kiamhari kiliyapata kutoka kwa Waitaliano. Mkenya husema "rediata", na aliyepitia Tanzania husema "rejeta". Watu hao huinama juu ya injini moja, kila mmoja na nomino zake, na kazi inakwenda. Inakwendaje? Nilikaa nao mchana kutwa na daftari langu. Walibishana juu ya majina, wakataniana, wakaonyeshana kwa kidole. Juu ya vitenzi sikusikia ubishi. Klachi ya Mkongo huteleza kama ya Mturkana, na motere ikila oili kila mtu anajua kwamba ringi za pistoni zimekwisha.

Hilo ndilo jambo ninalotaka walimu wenzangu walitafakari. Orodha za istilahi tulizozichapisha tangu enzi za vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA ni orodha za nomino. Tumehesabu vyombo tukasahau vinafanya nini. Ilhali ujuzi wa fundi umehifadhiwa katika vitenzi, na vitenzi hivyo tayari ni vya Kiswahili kitupu.

Nisije nikadhaniwa kwamba naisifu karakana kupita kiasi. Land Rover ile ilitoka ikinguruma vizuri, watu wakapiga makofi. Haukupita muda mrefu hafushafti ikakatika ndani ya laga, gari likiwa na shehena. Ikawekwa nyingine, nayo ikakatika. Lawama ikatupiwa vipuri bandia kutoka Nairobi, na huenda zilikuwa na haki kidogo, maana bandia zipo. Lakini sababu kubwa ilikuwa hesabu ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwandikia fundi yule katika lugha anayoisoma. Tuifanye hapa, tuone kama Kiswahili kitashindwa.

Injini ya zamani ilikuwa na nguvu ya kuzungusha isiyozidi sana nyutoni-mita 163. Hii mpya ina 285. Nguvu hiyo haiendi moja kwa moja kwenye gurudumu. Hupitia giaboksi, transfa na difu, na kila kimoja hupunguza mizunguko na kuongeza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Katika gari lile gia ya kwanza huongeza mara 3.68, transfa ikiwa katika gia nzito huongeza mara 2.35, na difu mara 4.7. Zidisha zote tatu, utapata kama mara 40.6. Kwa hiyo injini ya zamani, ikifanya kazi kwa ukomo wake, ilipeleka kwenye ekseli nguvu ya kama nyutoni-mita 6,600, na hii mpya hupeleka karibu 11,600. (Nimeiacha nguvu inayopotea njiani kwa msuguano, ambayo haibadilishi hoja.) Hafushafti ni zile zile! Aliyeziunda hakuziahidi mzigo huo.

Dawa ipo, na nusu yake ni kubadilisha difu. Ukiiweka yenye uwiano wa 3.54, kama ule wa Range Rover za kwanza, jumla hushuka hadi mara 30.6, na nguvu inayofika kwenye ekseli huwa kama nyutoni-mita 8,700. Bado ni zaidi ya ya zamani, na ndiyo maana hafushafti nene zaidi nazo zinahitajika, lakini pengo limepungua sana. Kuna faida ya pili. Dizeli haipendi mizunguko mingi kama petroli. Kwa tairi yenye mzingo wa mita 2.4, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya nne, difu ya zamani hulipa gari mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na ile nyingine kama 106, kwa kelele ile ile na mafuta machache zaidi kwa kila kilomita. Hapo anayefikiri atauliza juu ya breki, kwa kuwa gari limeongezewa uzito na mwendo huku breki zikiwa za zamani. Naye atauliza juu ya rediata, maana Lodwar joto la mchana hufikia nyuzi 35 mara kwa mara, na hedi ya dizeli iliyochemka sana hupasuka.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha desimali, kazi ya shule ya msingi. Sikuhitaji neno lolote jipya kuieleza. Fundi nilipomwandikia kwenye kipande cha katoni aliielewa kabla sijamaliza, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: je, mtu akibakiza difu ya zamani na kuweka tairi kubwa zaidi, si atapata mwendo ule ule? Atapata mwendo, lakini tairi kubwa haipunguzi mzigo ndani ya ekseli hata kidogo. Hafushafti itakatika vile vile. Tulilijadili hilo kwa nusu saa. Darasani kwangu mijadala ya namna hiyo ni haba.

Kuna jambo la uchungu zaidi. Katika karakana hiyo yupo kijana aliyefanya kazi miaka minane, ambaye mara mbili ameshindwa mtihani wa ufundi. Katika vitendo hana tatizo. Kinachomwangusha ni karatasi ya nadharia, iliyoandikwa kwa Kiingereza na inayotaka kujibiwa kwa Kiingereza. Nilimwomba anieleze kazi ya difu. Akasema kwamba gari likipinda, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Basi difu huliachia la nje likimbie na la ndani lipunguze, bila injini kuacha kuyasukuma yote mawili. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba wema huo wa difu ndio unaolikwamisha gari kwenye mchanga, kwa kuwa gurudumu lisiloshika hupewa mizunguko yote. Mwanafunzi akinipa jibu kama hilo nampa alama zote. Kwenye karatasi aliacha mahali patupu. Bila cheti, mashirika yanayohudumia kambi hayawezi kumwajiri, na nafasi hizo hujazwa na watu waliosafiri mamia ya kilomita kutoka miji ya kusini, ambao wengine wao hawajawahi kulitoa gari kwenye laga.

Wapo watakaosema: ajifunze Kiingereza. Nami nasema ajifunze, kwa kuwa vitabu vya watengenezaji vimeandikwa hivyo, na fundi anayevisoma ana faida kubwa. Lakini mtihani wa klachi upime klachi. Wengine wataniuliza kwa nini nisitetee Ng'aturkana, lugha ya mama ya kijana yule. Swali ni la haki. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Serikali iendeleze lugha za asili pia, na ningefurahi kuona mwanaisimu wa Kiturkana akikusanya maneno ya wachungaji kabla hayajapotea. Karakana, hata hivyo, imekwisha kujichagulia lugha yake, kwa sababu mteja ni Msomali, muuza vipuri ni Mkikuyu, na mwenye bomba la kuchomelea ni Mrundi. Kifungu hicho hicho kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sioni ni sheria gani inayomzuia mtahini kuichapa karatasi yake kwa lugha zote mbili na kumwachia mtahiniwa achague.

Kitabu ninachokiota si kikubwa. Kurasa 60 zinatosha: injini, klachi, giaboksi, transfa, propela, difu, ekseli, breki, na sura moja ya hesabu kama ile tuliyoifanya hapo juu. Kila sura ianze na vitenzi, yaani chombo hiki kinafanya nini kikiwa kizima na kinafanya nini kikiugua, ndipo yafuate majina, yakiwa na visawe vyake vya Kakuma na vya Dar es Salaam bila kumdharau yeyote. Majina yabaki yale ya mafundi. Mwalimu wa ufundi ahakiki hesabu, fundi ahakiki maneno, na mwalimu wa Kiswahili awe karani wao. Wanafunzi wangu wawili wa mwaka wa tatu wamekubali kuanza likizo hii, mmoja Lodwar na mmoja Kakuma, kila mmoja na daftari na kinasa sauti. Mwalimu aliye karibu na karakana yoyote, iwe Garissa, Voi au Migori, anaweza kufanya hivyo hivyo katika mji wake. Aanze na difu, kwa kuwa hapo ndipo mafundi hutofautiana zaidi katika maelezo, na aandike kila kitenzi kama kilivyotamkwa.